Bikari

Sikutaka. Niandike hivyo kwanza,
wino usije ukakauka kabla ya ukweli.
Mwalimu mkuu aliposema kila Jumatano
baada ya mapumziko vitabu vifungwe,
waje mafundi, waje washona kofia,
aje Bi Somoe na vigoma vyake viwili,
nilisimama kikaoni, chaki bado vidoleni:
mtihani, nikasema, hauulizi maua.
Wenzangu hawakunicheka. Walinyamaza,
na kimya kile kilinikera zaidi.

Darasa la sita, shule ya Langoni,
madirisha mawili, moja linatazama ukuta,
watoto arobaini na watatu,
na nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji, Kupi Shekuwe,
ambaye tangu Januari
hakuwahi kuniambia neno refu kuliko "Naam."
Nusu jumlisha theluthi?
Aliandika mbili juu ya tano
kila wiki, kwa mwandiko wa kupendeza,
nami kila wiki, kwa wino mwekundu,
nikamrudishia kosa lake kama mtu arudishaye chenji.

Basi akaja Fundi Famau na ubao wa mbambakofi
uliowahi kuwa kizingiti cha nyumba huko Mkomani,
patasi kumi na moja ndani ya kitambaa,
na bikari ya shaba iliyolegea goti.
Hakusema "leo tutajifunza."
Alipuliza vumbi, akachoma ncha,
akazungusha duara,
kisha bila kuipanua bikari wala kuibana
akaitembeza juu ya duara lile lile:
hatua, hatua, hatua,
na ya sita ikatua palepale ilipoanzia.
Akaunganisha tao kwa tao. Ua.
Hakuna aliyeliona likija.

"Mbona sita?"

Sauti nisiyoijua. Kupi, amesimama.
"Mbona si tano, si saba? Nani aliyeiambia?"

Miaka kumi na minne nafundisha duara.
Nusukipenyo, pai, yote nimeyachora ubaoni
hadi kidole kikaota sugu,
na sijaulizwa hilo, wala sijajiuliza.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Fundi akanitazama, nami nikamtazama fundi.
Mwishowe: "Sijui nikueleze vipi. Njoo tupime."

Tukapima kwa uzi wa kushonea kofia,
yeye, mimi, na Mwanajaa
aliyekuwa analikimbia somo la ngoma.
Pembetatu sita, pande zake sawa,
vichwa vyao vikigusana katikati
kama watoto wanaonong'onezana siri.
"Hii nusu," Kupi akasema, kiganja juu ya petali tatu.
"Hii theluthi." Petali mbili.
Akahesabu kwa midomo, bila sauti.
"Zikikaa pamoja zinakula tano. Imebaki moja."

Imebaki moja.
Nilikwenda nje kidogo, nikajifanya natafuta chaki.

Nisidanganye. Mtihani wa muhula
alipata arobaini na moja; mwaka uliopita ishirini na nane.
Bado huandika saba kinyume akiwa na haraka.
Mamake alinisimamisha kichochoroni,
kikapu cha mofa mkononi, akaniuliza nimemfanya nini mwanawe:
zamani alikula akanyamaza,
sasa kila mkate lazima aukate aueleze,
na chai inapoa.

Mwezi wa tisa tukaweka kizingiti kipya
juu ya mlango wa darasa letu,
maua saba, kila mtu na patasi yake.
Mkaguzi akaja na faili. Akauliza
maua haya yana alama ngapi.
Sikumjibu; nilikuwa natazama kidole chake
kikipita taratibu juu ya nakshi,
kikifika pale kwenye petali moja nene,
imekwenda upande, imechanika ncha.

"Na huyu," akasema, "ni mtoto gani
ambaye bado hajaweza?"

Nyuma, karibu na ndoo, Kupi akabana kicheko.
Nikainua mkono.