Mti Usioota

Mjini Reykjavik hunilipa niwapunguzie.
Naingia nyumba za watu, natoa, natoa,
mpaka ukuta ubaki na tawi moja kavu
na mwenye nyumba ashushe pumzi: "Naam. Sasa ni Krismasi."
Hiyo ndiyo kazi yangu. Risiti natoa pia.

Mwaka huu nimerudi kwa mama, huko kaskazini,
ambako jua liliaga tangu Novemba
na mlima haulirudishi hadi mwisho wa Januari.
Nikafungua mlango, nikapigwa na rangi.
Nyekundu inapepesa, kijani inajibu,
mzee wa plastiki juu ya friji anatikisa kiuno
kila apitapo mtu, hata paka.
Utepe wa fedha umezunguka saa, redio,
na picha ya marehemu baba,
baba kavishwa kama bwana harusi.

Nikasema, "Mama, tupunguze kidogo."
Akasema, "Kunywa kahawa kwanza."

Usiku nikaukumbuka mti wa babu.
Pwani ile haikuwa na misonobari;
kilichoachwa na upepo kililiwa na kondoo.
Babu Ketill aliokota gogo ufukweni,
gogo lililotoka mito ya Siberia
bila nauli, bila haraka,
likimenywa magome na barafu njia nzima.
Akalichonga likawa mlingoti wa kimo cha mtoto,
akatoboa matundu, akachomeka vijiti,
virefu chini, vifupi juu.
Mti usioota, usiopukutika.

Nikaukuta zizini, umeanikwa soksi.

Asubuhi (asubuhi ya huko, giza bado totoro)
nikachukua koleo na taa ya kichwani,
nikafukua theluji nyuma ya nyumba
hadi nikaukuta ukijani umelala:
vichaka vya kutambaa, majani membamba kama punje za mchele,
na matunda meusi machache
yaliyosahauliwa na ndege.
Nikavijaza ndani ya gunia la unga.
Vidole havikuwa tena na habari nami.

Jikoni nikaviringa, kijiti kwa kijiti,
kwa uzi wa sufu.
Mishumaa saba. Tufaha moja. Basi.
Joto likaamsha harufu: udongo, moshi,
kitu kama mvua ya zamani.
Nikarudi nyuma hatua mbili
kama nifanyavyo kwa wateja.

Mama alisimama mlangoni na kikombe chake.
Hakushusha pumzi.
"Tulikuwa tisa," akasema,
"na tufaha lilikuwa moja, hivyo hivyo.
Mama alilikata kwa uzi, vipande tisa,
kisha yeye akalamba uzi.
Hao watu wako wa mjini, huu wanauitaje?"
Nikamtajia neno.
Akalizungusha mdomoni kama mwiba wa samaki.
"Sisi tuliuita kukosa."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono
nimzime yule mzee wa plastiki.
Mkono ukaishia njiani.

Lakini mama akasogea. Akanusa.
Akafumba macho muda mrefu
kuliko kunusa kunavyotaka.
Kisha akafungua kijiti kimoja, akakifunga upya,
"Majani hutazama juu, Hallbera. Juu.
Umeyafunga kama yamefiwa,"
na akafungua cha pili, na cha tatu,
mpaka kahawa ikapoa
na kazi yangu yote ikawa yake.

Utepe wa fedha haukutoka. Taa hazikutoka.
Mti ukakaa katikati ya makelele hayo
kama mgeni asiyejua lugha.

Saa kumi na mbili jioni, kengele za kanisa redioni,
mama akachomoa uzi wa sufu uliobaki,
akalikata tufaha vipande viwili.
Kikubwa akanipa mimi.
Sikuwa na njaa.
Nikakila chote, na mbegu zake.
Yeye akautazama uzi kitambo,
akauviringa kidoleni, akautia mfukoni.

Juu ya friji mzee wa plastiki akatikisa kiuno.
Paka alikuwa amelala.
Hakuna aliyepita.