Mia Sita na Kumi na Moja

Groningen, mwezi wa pili, mfereji umeganda,
mabata wanatembea juu ya maji kama makarani waliochelewa kazini.
Chumba chetu, ghorofa ya tatu, kilinuka moshi wa mboji.
Mezani: saa ya umeme inayoikata sekunde vipande elfu,
gololi ya shaba, ubao wa mwaloni, kitufe.
Na wewe, Geesje Doornbos, mfagizi wa jengo,
mikono imepasuka kwa magadi,
umekalishwa kitini kwa senti kumi na tano
kwa sababu wanafunzi wawili walikuwa na homa.

"Ukisikia gololi, bonyeza."
"Basi?"
"Basi."
Ulinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sikukueleza kwamba wanafalsafa walibishana karne na karne
nafsi inakaa wapi, moyoni au kichwani;
kwamba waganga waliisoma katika rangi ya nyongo;
kwamba mwanafalaki mmoja alimfukuza msaidizi wake
kwa kuchelewa kuiona nyota ikikata uzi wa darubini,
kuchelewa kiasi cha kope kupepesa,
na ugomvi kama huo ukawafanya watu waulize:
kati ya kusikia na kujua, pana umbali gani?
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.
Niliona haya kutamka "nafsi" mbele ya mtu mwenye ndoo.

Gololi. Kitufe. Mia moja tisini na nne.
Gololi. Kitufe. Mia moja themanini na saba.
Ulitushinda sisi tuliosoma; hukuwa na mazoea ya kujichungulia.
Gololi. Kitufe. Mia moja tisini.
Gololi.

Mia sita na kumi na moja.

Nikaandika pembeni: umakini umepotea.
Nikapiga mstari. Wastani ukatulia
kama maziwa yaliyotolewa nzi.

Barafu ilipoyeyuka nilikukuta ngazini na brashi,
nikauliza, kwa mzaha tu, siku ile ulisinzia?
Hapana, ukasema, ukaendelea kusugua.
Vidato viwili chini ndipo ukaongeza:
ililia kama viatu vya mbao vya Aaltje.
Aaltje, aliyepanda meli ya Amerika tangu Novemba.

Kumbe ndani ya vipande vile vya ziada
ulishuka ghorofa tatu, ukafungua mlango mkubwa,
ukakuta theluji na farasi wa muuza maziwa,
ukapanda tena, ukakaa, ukakumbuka kazi,
ukabonyeza.
Nami niliyekuwa nakupima sikuona hata bega likitikisika.

Nilimweleza profesa. Alisikiliza vizuri, mtu mwema yule.
Akaagiza zulia litandikwe ngazini
nyayo zisije zikaingilia jaribio.
Ukapewa wewe kulikung'uta kila Jumamosi.

Sasa nafundisha. Kila Septemba nawapa wageni wa somo orodha ileile:
majibu arobaini, na hilo moja.
Tulitoe, bwana? Kanuni ipo, ukurasa wake niliuandika mwenyewe.
Litoeni, nasema. Lakini liwekeni mahali,
na tarehe, na hali ya barafu, na nani hakuwepo.

"Nani hakuwepo? Tutajuaje?"
Kijana mmoja wa Assen, mwaka huu, kalamu hewani.

Muulizeni, nikasema. Kisha ngojeni vidato viwili.
Aliinama kuandika; kalamu ikasimama
juu ya karatasi yenye mistari iliyonyooka,
haijui iliweke katika safu ipi.