Mkono wa Ngwali

Wa mwanzo kuujua mkono wa Ngwali
hakuwa kocha, wala wale wenye saa na madaftari.
Ulikuwa mgongo wangu.
Tukicheza nage nyuma ya skuli, Kizimbani,
mpira wa soksi tulioushindilia makonyo ya karafuu,
mimi katikati, pindo la kanga menoni,
na yeye akirusha. Ukiuona, ushakupata.
Usiku mama akinikanda kwa maji moto:
"Huyu mwanangu anarusha mpira au anatupa laana?"

Mwaka aliokuja mwalimu mgeni
na mfuko mzima wa magongo,
Wete nzima ilicheka.
Besiboli! Mchezo gani huo,
mtu akimbie roho juu, azunguke vituo vyote,
kumbe anarudi pale pale alipoanzia?
Fundi Zume, mikono imejaa grisi ya baiskeli,
hakucheka. "Mbona hiyo naijua," alisema.
"Hiyo ndiyo safari ya Mpemba."

Misimu mitano alilipwa kwa kurusha.
Mji wa viwanda vya karatasi, huko Japani,
nambari arobaini na moja,
na jina lake mgongoni kwa herufi
asizoweza kuzisoma mwenyewe.

Niliuona ule usiku kwenye simu ya Bikombo,
picha ikikwama, ikenda, ikikwama.
Mpigaji wa kwanza alikosa mara tatu, akenda kukaa.
Wa pili, vivyo hivyo.
Wa tatu, jitu lenye shingo ya ng'ombe wa mchezo,
aligonga upepo mpaka kofia ikamvuka.
Uwanja mzima ukasimama.
Na mimi nikasimama, jikoni, mwiko mkononi,
wali ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Lakini ukimuuliza yeye, hausemi usiku huo.
Anausema mpira mmoja aliopigwa,
mchana mweupe, mtoto wa miaka kumi na tisa,
gongo likalia kama mlango uliobamizwa.
Aligeuka kuutazama. Ulipanda tu.
"Mize," huniambia, "ule haujaanguka mpaka leo."

Bega halikupiga kelele.
Liliachia, kama uzi wa tasbihi,
na kila alichokuwa nacho kikatawanyika sakafuni.

Sasa anapima karafuu za watu.
Chai anakoroga kwa mkono wa kushoto.
Glavu imetundikwa juu ya mizani,
haikutolewa vumbi, haikuuzwa.

Juzi Time, binti yangu, kamletea mpira wa soksi.
Akautazama. Akaugeuza vyandani.
Basi nami, na miaka yangu arobaini na mbili,
nikenda nikasimama katikati ya uga,
pindo la kanga menoni.

Akarusha kwa kushoto.
Ukadunda mara mbili, ukaja kulala
kando ya kidole changu cha mguu.

"Umenipata," nikasema.
"Sijakupata."
Akanyoosha mkono autake mpira.
"Na usisimame karibu hivyo. Rudi nyuma."