Beji Sitini na Moja

Nimeshusha geti nusu, Mtaa wa Rwagasore,
sitaki tena wa picha za pasipoti
wala wa kutoa kopi cheti cha kuzaliwa.
Nina beji sitini na moja za kesho asubuhi:
wanawake wakaushaji dagaa, ukumbi wa kanisa, Kirumba.

Programu ya beji sina. Nina ile ya slaidi,
ile ya kumulikia ukutani chati za mapato
watu wakisinzia.
Nausimamisha ukurasa wima, nachora kisanduku,
upana sentimita tisa, kimo sita na nusu,
nanakili, nabandika, nanakili, nabandika,
mpaka vinane vikae wawiliwawili kama wanafunzi dawatini.
Juu, mstari wa buluu. Huo ndio ziwa,
kwa mteja asiyetaka kulipia mchoro.
Chini yake, jina.

Jina ndipo penye kazi.

Kompyuta haiwajui hawa.
Kila ninayemwandika inampitishia chini
mstari mwekundu, umepindapinda kama kiwavi:
Kabula, kosa. Nyamisi, kosa. Milembe, kosa.
Kwa Ng'walu ikanipa maneno matatu nichague badala yake,
hakuna hata moja lililowahi kuzaliwa Magu.
Nikaizima hiyo akili yake. Majina yakatulia.

Halafu orodha yenyewe. Katibu, Bwana Masatu,
kaiandika kwa kalamu nyuma ya risiti ya mabati.
Namba kumi na nne: Mke wa Magesa.
Ishirini: Mama Sospeter.
Thelathini na tatu: Yule wa Igombe.
Yule wa Igombe!
Nimchagulie fonti gani, yule?

Nikapiga simu.
Mke wa Magesa alipokea, mashine ya kusaga ikinguruma nyuma yake.
"Shikamoo mama. Jina lako nani, la kwenye beji?"
Kimya. Nikadhani salio limekata.
"Langu?"
"Lako."
"Nyanjige," akasema, polepole,
kama anayefungua fundo la kitenge alikofungia noti.
"Nyanjige Mafuru. Kuandikwa ni bei gani?"
Nikamwambia kamati imelipa.
"Basi weka herufi kubwa. Miwani niliikalia."

Yule wa Igombe hakuwa hewani.
Mwenzake niliyempigia akafikiri sana,
akasema, "Sisi tunamwita hivyohivyo."
Nikamwachia kisanduku kitupu na kalamu ya wino mzito.
Atajiandika, au ataandikiwa na aliyekaa naye.

Karatasi ya sita ikatoka salama.
Ya saba, wino wa buluu ukaisha,
ziwa likawa la waridi.
Sikurudia. Zipo jioni lina rangi hiyo,
na karatasi ngumu hazina huruma na mfuko wangu.
Nikakata kwa rula ya chuma na wembe, kidole kimoja nacho kikakatwa,
nikazipanga kwenye boksi la viatu.
Tatu za mwisho zilikuwa hazina mwenyewe.
Nikaziweka nazo: mkutanoni hakosekani
aliyekuja kumsindikiza mwenzake akakaa mpaka chakula.

Jumatatu akaingia mwanamke
ananukia dagaa waliopata jua la kutosha.
Mkutano uliisha Ijumaa, beji bado iko kifuani,
pini imeshaanza kula gauni.
"Nitolee nyingine. Kubwa.
Ya kubandika kwenye chanja langu,
wanunuzi wa Kongo wasiulize tena mzigo wa mume wa nani."

Nikafungua slaidi mpya, nikaandika,
nikaishika kona ya kisanduku, nikavuta
mpaka NYANJIGE akaujaza ukurasa ukingo kwa ukingo.
Na kile kiwavi chekundu, ambacho nilidhani nimekiua,
kikatambaa kutoka N mpaka E.

"Hicho nini?"
"Kompyuta inasema hakuna jina kama hilo."

Akainama, akakitazama kioo kwa karibu,
kama anavyotazama dagaa wa mwenzake mwenye mchanga.
Kisha akanyoosha mgongo.

"Chapa," akasema.