Ukurasa wa Kumi na Saba

Daftari hili lilikuwa la deni.
Mama Nyevu, unga kilo mbili, sabuni nusu mche.
Jefwa wa bodaboda, vocha ya hamsini, hadi leo.
Ukurasa wa kumi na saba nikapiga mstari kwa rula,
nikaandika juu kwa herufi kubwa:
ANAYEDAIWA: UWANJA WA NDEGE.

Duka langu hapa Kwachocha limeipa mgongo seng'enge.
Kila inayotua Malindi hupita kwanza juu ya bati langu,
na makopo ya maziwa hugongana rafuni
kama meno ya mwenye homa.

Jumatatu, saa nne na robo asubuhi.
Imekula: nusu ya somo la Mwalimu Umazi.
Alikuwa kwenye ngeli. "Ndege huyu anaruka," alisema,
"ana roho, ana manyoya. Lakini ndege hii..."
Na ndege hii ikaja ikajieleza yenyewe.
Watoto arobaini na watatu wakaweka kalamu chini.
Siku hizi hunyamaza kabla haijafika,
wanaisikia kwenye mbao za madawati.

Jumatano, saa saba kasoro dakika tano.
Imekula: jibu la Mwanamkuu binti Famau.
Babake aliuliza mara ya tatu nyuma ya pazia, "Nikuoze?"
Midomo ikacheza.
Mashahidi wawili wakaapa wamesikia "naam."
Shangazi yake mpaka kesho ashikilia alisema "maji."
Wana pacha sasa. Sijui deni hilo nimwandikie nani.

Alhamisi, mazishi ya Kitsao fundi redio.
Nduguye akasimama na karatasi: "Mwenye kumdai marehemu
aje nyumbani kwa..."
Nilikuwa namdai mia nne na themanini.
Nyumbani kwa nani, sikusikia.
Naye sasa amelala mahali ambapo haimsumbui.

Sitaficha: mpwa wangu Ngala hubeba mizigo kule ndani.
Karo ya binti yangu imetoka kwenye soda za madereva wa teksi.
Hayo nayo nimeyaandika, upande wa kushoto,
kwa penseli.

Tulitia saini mia mbili na kumi na mbili,
vidole gumba vikiwemo, wino wa zambarau.
Miezi mitano. Kisha akaja afisa na kipima sauti,
kifaa chenye kichwa cha sponji, juu ya miguu mitatu.
Alikaa kwenye kreti yangu tangu saa mbili hadi saa nane.
Siku hiyo Nairobi, tukaambiwa, kuna ukungu.
Anga ya Malindi ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Kipima kikasikia kinu cha kusaga,
majogoo, Mama Nyevu akimtukana mbuzi,
na sisi tukimweleza, wote kwa pamoja, jinsi ilivyo.
Akaandika. Nilisoma juu ya bega lake:
"Mtaa tulivu kiasi. Chanzo kikuu cha kelele: wakazi."

Alikunja miguu ya kifaa chake,
akapandisha vioo, akawasha kiyoyozi.
Hajafika kona ya msikiti, ikatokea,
tumbo jeupe, magurudumu nje,
kivuli chake kikapanda gari lake kikashuka.
Tulikimbia nyuma yake, tukapiga kelele, "Hiyo! Hiyo!"
Mwalimu Umazi kavua kiatu anakipunga.
Hata mimi, niliye kando yake, sikumsikia.
Taa za breki hazikuwaka.

Jioni nikafungua daftari. Ukurasa umejaa,
pambizo zimejaa, nimefika kwenye kava.
Mama Nyevu akaegemea dirisha, mkoba mtupu.
Ya saa kumi na mbili ilikuwa inaondoka.
Akasema kitu, kirefu kidogo, akitazama chini.
Sikusikia.
Nikampimia unga kilo mbili.