Chini ya Bawa la Kushoto

Viazi vikishang'olewa,
na mawingu yakishuka hadi kwenye kwato za kondoo,
tunaufunga uwanja wa nyasi nyuma ya kwa Jorrit.
Ndege naileta nyumbani kwa safari mbili,
maana garini haiingii yote.
Mita tatu na nusu, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa.
Froukje ana kipimo chake:
"Kitanda, kabati, na subira ya mke mmoja."

Kwanza petroli. Naimwaga yote,
nawasha injini inywe tone lililobaki,
ikohoe, ikohoe,
inyamaze.
Petroli ikilala kwenye kabureta hugeuka gundi.
Kisha matone mawili ya oili,
na rafadha naizungusha kwa mkono,
taratibu, kama umgeuzavyo mgonjwa kitandani.

Betri zinalala ndani ya chungu chenye mchanga,
hazikushiba, hazina njaa.
Mali bila daftari huisha bila habari,
kwa hiyo kila moja ina ukurasa wake:
tarehe, volti,
na alama ya mshangao kwa namba nne
iliyoanza kuvimba shavu.

Kiwiliwili kinaning'inia bandani, mbali na sakafu.
Mwaka juzi nilikiacha chini.
Panya alitafuna sifongo, akatafuna nyaya za usukani,
akazaa watoto sita
mapajani mwa rubani wa plastiki,
naye rubani akatazama mbele tu, kama kawaida yake.

Lakini mabawa, hapana. Banda letu liko chini ya maji ya mfereji,
kuta zinatoka jasho hata Januari,
na mbao laini hunywa unyevu kimyakimya
mpaka siku unapogundua bawa limejipinda
kama mdomo wa mtu anayekuonea haya.
Basi mabawa yanakaa chumba cha wageni,
juu ya kitanda, kwenye mikanda mipana.
Nimetoboa ukuta mara nne bila kuomba ruhusa.

Krismasi akaja Tjitske, mama mkwe,
miaka themanini na tatu, na sanduku dogo kuliko kisanduku changu cha bisibisi.
Akalitazama bawa la kushoto juu ya mto wake.
"Linaanguka?"
"Halijawahi, mama."
"Na wewe umewahi kulala hapa?"

Asubuhi nilimkuta amesimama kitandani,
gauni la kulalia, soksi za sufu,
ukucha wake ukigonga utando mwekundu kati ya mbavu na mbavu.
"Shuka lako limelegea."
Nilijua. Joto la chumba lilikuwa limelikunja,
nami nilishanunua roli zima
nilibandue lote, nianze upya, wiki tatu za kazi.
"Niletee pasi," akasema.

Miaka thelathini na mmoja alipiga pasi
kwenye dobi la hospitali kule Leeuwarden.
Mate kwenye kidole, kidole kwenye chuma,
akasikiliza. Akapunguza moto.
Akavua soksi moja, akaivisha pasi,
akaanzia katikati kwenda pembeni,
hakubonyeza, alipapasa tu,
na makunyanzi yakakimbia mbele yake
yakatokea ukingoni, yakaisha.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mimi kazi yangu ilikuwa kushika waya wa umeme
na kufunga mdomo.

Alipomaliza akagonga tena kwa ukucha.
Ngoma.

"Kitu kikubwa hakiogopi upepo," alisema akivaa soksi,
"kinaogopa kabati."
Sikumwelewa. Labda alimsema Froukje, labda mimi.
Chai ilikuwa tayari.

La kulia bado limelegea.
Ameahidi kurudi Pasaka.
Jana, Froukje akiwa sokoni,
nilifungua mikanda, nikayabadilisha:
la kushoto ukutani kwenye dirisha,
la kulia juu ya mto.
Pasi nimeiweka karibu.
Soksi atakuja nazo mwenyewe.