Kimo cha Mwenzako

Osla alisomea shahada ya biashara jikoni,
Lerwick, kati ya zamu mbili za kiwanda cha samaki,
vidole vikinuka samoni juu ya kibodi.
Mizania aliielewa saa tisa usiku,
birika likikoroma,
upepo ukigonga dirisha kama mdai.

Miaka sita. Darasa lake lilikuwa nyuso ndani ya visanduku:
Bronagh aliyenyonyesha huku akieleza riba,
Tavish wa mtambo wa mafuta, sauti ikikatika
kila wimbi lilipopanda.
Hakuna aliyejua kimo cha mwenzake.

Kisha Glasgow, karamu ya wahitimu,
kila mtu na jina lake kifuani kama bei.
Osla ameshika glasi, anahesabu milango.
Mtu anacheka nyuma yake, kicheko kile kile
kilichomvusha mtihani wa takwimu.
Anageuka. Bronagh, mfupi, mfupi mno.
"Na mimi nilikudhania jitu!"

Kazi? Ilikuja, ndiyo, mwezi wa tatu, kwa simu ya Bronagh:
bandari inatafuta mhasibu, nimekutaja.
Mshahara umepanda. Mgongo umepona.

Lakini muulize shahada ilimpa nini,
hataji cheo. Atakwambia
usiku ule mtandao ulipokatika kisiwa kizima,
kazi ya mwisho ikidaiwa alfajiri,
watu watatu walimpigia simu kwa zamu
wakimsomea maswali, polepole, neno kwa neno,
naye akaandika kwa penseli
nyuma ya risiti ya makaa.
Risiti anayo bado.